Chumba cha Wanaongojewa

Laurette alipopanda kwangu Cimpunda kuniletea habari ya musée, nyumba ya makumbusho, nilikuwa nakaanga samaki wadogo, sambaza, mbele ya mulango, na nilimucheka mupaka moshi ukaniingia machoni.

"Musée!" nikamwambia. "Weye mukamwana wangu, umesoma histoire miaka yote ile, na kazi wamekupatia ni kupanguza masanamu? Wanakulipa na nini, na vumbi?"

Akavuta bidon tupu ya maji, akaikalia. Laurette ni mutu wa kungoja mwenzake amalize hasira. Kwangu alichagua vibaya, juu hasira yangu haina haraka.

"Maman," akasema mwishowe, "haiko tena musée ya masanamu. Papa Hugues, mukubwa wetu wa kazi, amefungua chumba kipya, cha batu benye walipotea. Kila familia inaleta kitu moja. Nilifikiri juu ya ile shati."

Sambaza zikaungua. Nilikuwa nimeshika kijiko tu, naangalia mafuta. Hakuna mutu aliyethubutu kuitaja ile shati kwangu, na huyu ameitaja kama vile anataja sufuria ya kuazima.

Ninamwita mukamwana juu ya kijana wangu Gentil. Mungu alinipa mutoto moja tu, kiisha akafunga tumbo, kiisha akachukua na bwana yangu pia, kwa homa. Basi Gentil ndiye alikuwa mutoto, ndiye alikuwa mwanaume wa nyumba, na watu wote wa kartye, mutaa muzima, wananiita Maman Gentil. Jina langu mwenyewe, Apolline, linajulikana na karatasi yangu ya baptême kanisani tu. Huyu Gentil alipeleka ng'ombe kwa wazazi wa Laurette, kule Nyangezi. Baba yake aliipokea mbele ya watu, tukanywa kasiksi, pombe ya ndizi, wanawake wakapiga vigelegele. Kwetu ng'ombe ikishapokelewa, binti ni wa watu. Kanisa linakuja nyuma, kuongeza chumvi. Harusi ya kanisa tulipanga baada ya Pasaka.

Kabla ya Pasaka, Gentil akashuka Luberizi kununua muchele, kama alivyozoea. Hakurudi. Gari haikurudi, chauffeur hakurudi, muchele wenyewe haukurudi. Wengine walisema watu wenye bunduki waliwasimamisha kule kwenye plaine, bondeni, wakapanda nao milimani. Wengine wakasema alionekana Burundi. Wengine wakala sambaza zangu bure wakiniapia kwamba wamemuona Shabunda anachimba dhahabu, amefuga ndevu. Gentil na ndevu! Hata ukimwagilia maji zisingeota.

Asubuhi ile ya kuondoka alikuwa amemusaidia jirani kubeba magunia, akatoka jasho. Akavua shati, akaitundika kwenye musumari nyuma ya mulango, akavaa ingine. "Maman, usiifue," akaniambia, "nitaivaa tena nikirudi." Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakufika nyumbani kwangu. La Gentil lilikuwepo, kwenye musumari, miaka sita.

Na hata asingesema, nisingeifua. Kwa watu wa ukoo wetu, nguo ya mutu aliye safarini na habari zake hazijulikani haiguswi na maji. Mutu akifa, watu wanalia, na siku ya kumaliza matanga bibi yake ndiye anafua nguo zake. Maji anayamwaga kwenye shina la mugomba, nguo zinagawanywa, watu wanakula, basi. Pale mujane anakuwa huru, anaweza kuolewa tena. Kufua ni kumwambia mutu, wende salama, usigeuke. Mimi sikuwa na la kumwambia Gentil isipokuwa rudi. Jirani yangu Adèle, ambaye nyumba yake imeshikana na yangu mupaka tunasikilizana kukohoa, alikuwa ananitania: "Maman Gentil, ile shati itaota uyoga." Nilikuwa namujibu: "Ikiota nitakuuzia."

Kila Jumapili kabla ya misa nilikuwa nasugua mikono na majivu, kiisha na limau, mupaka harufu ya samaki itoke. Halafu naishika ile shati na kuitia puani. Siyo kila mutu ataelewa. Mwenye mutoto aliyepotea ataelewa.

Kwa hiyo siku ile Laurette nilimufukuza. Akarudi. Nikamufukuza tena, akarudi tena, mupaka majirani wakafikiri kuna kitu ananidai. Haikuwa maneno yake yaliyonishinda. Ilikuwa mvula. Mwaka ule mvula ilinyesha Cimpunda kama imetumwa, ukuta ukalowa, na asubuhi moja nikakuta mende wamekula mukono wa shati, kipande kama ukucha. Nilikaa chini na shati magotini. Kule musée kuna kioo, Laurette alikuwa amesema. Mende hapiti kioo.

Musée iko chini, karibu na ziwa, katika nyumba ya zamani ya wakoloni wabeleji yenye ngazi za mawe. Sikuwa nimeingia humo hata siku moja. Kwenye mulango kuna ngoma, mikuki, viti vya wami, wafalme wa zamani, na masanamu ya pembe ambayo Maman Pascaline, mwanamuke wa Mwenga niliyemujua baadaye, alikataa kabisa kuyaangalia. Alisema babu zake waliyaonyeshana kwa siri, siyo kwa tiketi. Papa Hugues, mukubwa wa musée, alikuja kunipokea mwenyewe. Ni mutu mufupi, miwani inaning'inia kwenye kamba, na maneno hayamuishi.

"Maman, musée ya zamani ilikuwa nyumba ya wazungu kuonyeshana vitu walivyotunyang'anya," akaniambia. "Kiisha ikawa nyumba ya watoto wa shule kupita mbio wakichekelea masanamu. Leo mutoto wako akipotea, polisi banasema ngoja. Tribunal, ile mahakama yao, inasema leta karatasi. Paroisse inasema omba. Nani anakuambia kaa chini, tuongee habari zake? Hakuna. Basi tutafanya sisi, hapa."

"Papa, unasema kama candidat wa uchaguzi," nikamujibu.

Akacheka sana, na mimi nikamupenda juu alicheka. Nikatoa shati kwenye kitambaa cha pagne nilichoifungia. Nikamupa masharti. Isifuliwe, hata tone moja la maji lisiiguse. Na karatasi yake isiseme kwamba amekufa. Papa Hugues akachukua bic, akaandika mbele yangu, akanisomea: Gentil, muchuuzi wa muchele. Mama yake anamungoja. Akaweka mukono kwenye kifua.

"Naapa, Maman Gentil."

Laurette alikuwa amesimama pembeni anaangalia sakafu. Niliona ni huzuni. Ilikuwa huzuni, ndiyo, lakini si ile niliyofikiri mimi.

Na sasa niseme kweli: kile chumba kilinipa maisha. Kila Alhamisi, soko ikilala kidogo, nilikuwa nashuka. Tulikuwa wamama wengi na wababa wachache. Pascaline alileta torche ya bwana yake, aliyetoka Mwenga kuuza dhahabu yake na hakuonekana tena; kila Alhamisi aliiwasha mara moja, akaizima haraka, asimalize pile, betri yake. Mwingine alileta kandambili. Mwingine, mutungi. Papa Hugues alituletea viti, kiisha mikeka, kiisha chai. Tulikuwa tunaongea habari za watu wetu kama vile wametoka kwenda dukani: huyu hapendi maharagi, yule anakoroma. Tulikuwa tunacheka. Mutu angepita nje angesema kuna ubatizo.

Kabla sijaondoka, Papa Hugues alikuwa ananifungulia kioo. Naingiza uso. Jasho, vumbi la magunia, na moshi kidogo wa nyumba yangu. Mutoto wangu mwenyewe, mule ndani. Nilikuwa na furaha, sikufichi, katikati ya vitu vyote vile vya uchungu nilikuwa na furaha.

Watu walianza kuja. Wanafunzi, kiisha wamama wanasheria walioandika majina yetu na mahali watu wetu walipotelea. Radio ikaja. Siku moja tukatoka pale musée kwa miguu, tumeshika picha, tukapanda mupaka rond-point ya barabara kubwa tukiimba, tukiuliza: wako wapi? Magari yakasimama. Polisi mumoja akavua kofia. Sijui kama na yeye alikuwa na mutu wake aliyepotea, au ni joto.

Baada ya hapo ndipo shida ilianza. Wakubwa wa muji walimwita Papa Hugues. Siwataji wakubwa, Bukavu wanabadilika, ukimaliza kujifunza jina la mumoja amekuja mwingine. Alirudi amekuwa mufupi zaidi. Alhamisi ile hakuleta chai.

"Bamama," akatuambia, "chumba hakifungwi. Wamekipenda. Wanataka kuja wenyewe, na televizyo, watoe hotuba. Lakini kitaitwa Chumba cha Mashahidi. Na karatasi zote zitabadilishwa."

"Mashahidi ni watu waliokufa," nikasema.

"Ni neno la heshima, maman."

"Ni neno la watu waliokufa. Gentil hakufia nchi, alienda kununua muchele."

Akavua miwani, akaisugua na shati, akaivaa, akaivua tena. "Nitawaambia wazi. Mukisema 'wako wapi', munauliza nani aliwachukua. Mutapigwa, na mimi nitafungwa, na hivi vitu vitatupwa kwenye ziwa. Mukisema 'mashahidi', munapigiwa makofi na chumba kinabaki. Musée nyingine duniani zinaweza kuchagua. Miye sina ya kuchagua. Nataka kipone."

Hakuna aliyemutukana. Tulimujua. Pascaline akasema kwa sauti ndogo kwamba kama chumba kinabaki, neno ni neno, yeye atakubali. Wengine wakatikisa kichwa. Mimi niliangalia Laurette, nikitegemea aseme kitu juu ya bwana yake. Akaangalia madirisha. Nikamwambia pale pale, mbele ya watu: "Weye utanyamaza mupaka wakuzike weye pia?" Akaondoka, akaenda kufunga madirisha.

Nyumbani sikulala vizuri. Niliwaza: shati ilikuja kwa sharti, sharti likivunjika shati inarudi. Ni haki yangu. Bora mende kuliko hotuba. Siku moja kabla ya wakubwa kuja, nikaacha sambaza kwa Adèle, nikasugua mikono na majivu na limau, nikashuka.

Chumba kilikuwa kimevalishwa vitambaa. Papa Hugues alikuwa juu ya ngazi anapiga musumari. Chini ya kila kitu kulikuwa na karatasi mupya, ngumu, yenye rangi za bendera. Nikapita moja kwa moja mupaka kwenye ya Gentil. Shahidi Gentil. Hata habari ya muchele waliitoa.

"Papa Hugues, nimekuja kuchukua shati ya mutoto yangu."

"Maman, shuka na mimi kwanza tuongee..."

"Weye ndiye uko juu. Mimi niko chini tayari."

Nikafungua kioo mwenyewe. Na kabla sijaishika nilijua kuna kitu. Shati ilikuwa imesimama. Kola ilikuwa imenyooka, mikono imepigwa pasi, kuna mukunjo umeshuka mupaka chini kama suruali ya afande. Pale mabegani, ile alama ya gunia, ya kahawia, haikuwepo tena. Nikaitia puani. Sabuni. Nikaigeuza, nikatafuta kwapani. Sabuni. Nikatafuta ndani ya kola, pale shingo inagusa. Nilivuta pumzi mupaka kifua kikaniuma, nikavuta tena, na tena, kama mutu anayezama. Sabuni tu. Sabuni nzuri, ya marashi.

"Nani?" nikasema.

Papa Hugues alikuwa ameshuka, ameshika nyundo mukononi. "Nilisema chumba kipangwe vizuri, maman, juu ya wageni. Lakini naapa sikusema..."

"Hakuna mutu aliyenituma," sauti ya Laurette ikasema kutoka mulangoni. "Ni miye."

Mukono wangu ulifika kwenye shavu lake kabla ya akili yangu. Hakurudi nyuma. Alibaki pale pale, na alama za vidole vyangu zikaanza kutokea.

"Ulisahau?" nikamuuliza. Nilitaka aseme amesahau. Nilimuomba Mungu aseme amesahau. "Sema ulisahau, mutoto yangu. Wageni wanakuja, kazi mingi, kichwa ikaruka. Sema."

"Sikusahau, maman. Nilijua. Nilifua juu nilijua maana yake."

Papa Hugues akaweka nyundo chini polepole, akatoka, akafunga mulango.

"Ile ng'ombe imezaa," Laurette akasema. Alikuwa anaongea kwa taratibu, kama mutu anayebeba maji kichwani. "Na ndama yake imezaa. Baba anasema hakuna wa kuzigusa, juu mwenyewe hajafa wala hajarudi. Kuna mwanaume, maman. Sitakuficha. Anaitwa Camille, anafundisha Nyangezi. Wazazi wake walikuja nyumbani, baba akawaambia, binti yangu iko na bwana. Nikaenda kwa padri. Padri akaniomba karatasi ya kifo. Nikaenda tribunal. Wakasema mama wa bwana ndiye anatakiwa kuja kusema amekufa. Nikapanda kwako, unakumbuka? Nikakuuliza, maman, tutangoja mupaka wapi? Ukaniambia, ukichoka enda, lakini ujue umemuacha angali hai. Ningeenda wapi na ile neno? Miaka sita niko mujane wa mutu asiyekufa. Nimegonga milango yote. Hii ya musée tu ndiyo ilikuwa wazi."

"Basi kwa ajili ya mwanaume umeniulia mutoto."

"Kesho wangemuua na micro ya hotuba yao, maman!" Ndiyo mara ya kwanza kumusikia Laurette akipaza sauti. "Wangesema shahidi, wangepiga makofi, wangeenda kunywa. Na hakuna mutu aliyemulilia Gentil hata siku moja. Weye hukulia. Miye ulinikataza kulia. Mutu gani anaenda bila kuliliwa? Hata mbwa analiliwa na watoto. Nikasema, kabla ya makofi yao, afuliwe na mutu aliyemupenda. Nilimupenda. Weye unafikiri ni weye tu."

Nilikuwa na shati mukononi na sikujua niishike vipi.

"Uliifulia wapi?"

"Nyuma. Leo asubuhi, kabla ya kazi. Maji ya kwanza yalitoka meusi, vumbi ya magunia. Nilipoona ile maji nilitaka kuacha, maman. Nilitaka kuyarudisha ndani ya nguo. Lakini ilikuwa imekwisha." Uso wake ukaharibika. "Nililia peke yangu. Hakukuwa na mutu wa kunishika."

Kwetu mwanamuke anayefua nguo za bwana yake anashikwa na wanawake wawili, mumoja kila upande. Na mama wa marehemu anakaa chini mbele yake, ili asimuache peke yake na ile maji. Mahali pangu palikuwa pale, na nilikuwa Cimpunda nakaanga samaki.

Nikamwambia anionyeshe. Tukazunguka nyumba, tukapita jikoni, tukafika pale nyuma kwenye migomba mitatu, karibu na ukuta. Akaonyesha ule wa katikati. Nikainama, nikagusa udongo. Ulikuwa umekauka. Jua lilikuwa limekunywa yote, na hata ningelamba pale chini nisingepata kitu cha mutoto wangu. Nilitafuta bado. Nilipapasa na vidole kati ya majani makavu kama mutu aliyeangusha sindano, na Laurette akapiga magoti pembeni yangu, naye akaanza kupapasa, sijui alikuwa anatafuta nini.

Nilimuchukia. Sitadanganya, niko mukristo na nilimuchukia. Na nilipomuangalia pale chini niliona mvi kwenye nywele zake, huku na huku, msichana ambaye Gentil alikuwa akimuita kifaranga. Nani alimuzeesha hivi? Miaka yote ile nilihesabu yangu tu.

"Mwambie baba yako ng'ombe ni yake," nikasema. "Na ndama zote. Mwambie Maman Gentil ndiye amesema. Na tribunal nitaenda, wakitaka nitaenda."

Akataka kunishika miguu. Nikaivuta. "Usiniguse leo. Siku ingine pengine. Leo hapana." Sikumubariki, na yeye hakuomba.

Tulipotoka mbele, Papa Hugues alikuwa kwenye ngazi za mawe anatungoja. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa mutu mwenye maneno mengi, na yote yalikuwa yamemuishia.

"Chukua, maman," akasema. "Beba shati yako. Kesho nitawaambia wakubwa kwamba familia imekataa. Wafanye wanachotaka."

Niliangalia ile shati. Ilikuwa nguo safi, ya kijani, iliyopigwa pasi. Soko ya Kadutu imejaa nguo kama hizo. Nikaitia mukononi mwake.

"Waachie. Walitaka mufu wa kupigia makofi. Basi iko."

"Maman Gentil..."

"Kaa na chumba chako, papa. Kipone. Kuna Pascaline na torche yake. Usimuzimie."

Nikapanda. Kutoka ziwani mupaka Cimpunda ni kupanda tu, na siku zingine ninapumzika mara kwa mara nikisalimia watu. Siku hiyo sikusalimia mutu. Mikono yangu ilikuwa inanukia limau na hakuna kitu nilichobeba. Watu waliniita, Maman Gentil, Maman Gentil, jina lile lile la kila siku, na kila aliyeliita alinipiga na jiwe.

Nilipofika, Adèle alikuwa amekaa mbele ya mulango wangu, anafukuza nzi kwenye sambaza. Nikampita, nikaingia ndani, nikasukuma mulango, na pale nyuma kulikuwa na musumari. Nikafungua mudomo niseme kitu, hata sijui nini. Kilichotoka kilikuwa kilio. Sikukiita. Kilikuwa kimekaa mule miaka yote, na sasa kilitoka chote pamoja, sauti ya kuvunja ukuta. Nikafungua kitambaa kichwani, nikatoka nje, nikakaa chini kwenye vumbi.

Cimpunda mutu akilia hivyo, hakuna anayebaki ndani. Walitoka juu, walitoka chini, wanawake wakishika kichwa, wanaume wakivaa mashati wakija. Wakanizunguka. Mutu mumoja akauliza kama ni habari kutoka Nyangezi, kwa wakwe. Adèle akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega, mikono yake imejaa mafuta ya samaki.

"Ni nani? Sema, dada. Nani amekufa?"

"Gentil," nikasema.

Wanawake wakashusha mikono kichwani. Wakaangaliana. Nilijua wanachowaza: kila mumoja kati yao alikuwa amemuzika mutoto wangu moyoni mwake zamani, na kunificha. Adèle tu ndiye alikuwa na roho ya kuuliza, na aliuliza kwa upole, kama mutu anayeuliza mugonjwa anaumwa wapi.

"Gentil... amekufa lini, Maman Gentil?"

"Leo," nikamwambia. "Leo asubuhi, kule musée."

Adèle akavua viatu vyake, akaviweka pembeni, akakaa chini karibu yangu, akaanza kulia.